Mzee ni wa Nha Trang, Vietnam, tena anaupenda, lakini alipinga mji huo kuwa rafiki wa Irvine, California. Kwa nini?

MwanaKisauni
Salaam wakuu. Namhudumia mzee mmoja wa Kivietnam hapa Garden Grove, California, siku nne kwa wiki. Kwao Nha Trang. Akianza kusimulia bahari ya kwao utadhani anasimulia Nyali. Mwezi jana niliona kofia nyekundu yenye nyota ya manjano, nikamnunulia mjukuu wake nikijua nitawafurahisha. Mzee akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akaitumbukiza kwenye pipa la taka. Chakula cha mchana hakukigusa.

Binti yake ndiye aliyenieleza. Mwaka 2014 baraza la jiji la Irvine lililetewa hoja ya urafiki na Nha Trang, na baba yake alikuwa kati ya waliokwenda kuipinga. Hoja ikaanguka. Sasa mimi hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mombasa yetu ina udugu na Long Beach, hapo jirani tu, na Seattle pia, sijasikia mtu kaudhika. Mtu anaukataaje mji aliozaliwa?

Babu wa Bolsa
Mwanangu, ulijijibu uliponunua kofia. Hiyo ndiyo bendera ya walioshinda vita, wakomunisti wa Kaskazini.

Niko Westminster, jirani na hapo Garden Grove, tangu 1996. Mwaka 1999 mwenye duka la kanda za video hapa Bolsa Avenue alitundika picha ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti hao, na bendera hiyo. Watu waliandamana nje ya duka lake siku 53, na kuna siku walifika kama 15,000. Mimi nilikuwa nikiegesha gari mtaa wa tatu na kutembea. Vikongwe wamejifunga vitambaa kichwani, wanalia kama msiba wa jana.

Wazee hawa hawakuja kutafuta maisha. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka 30 Aprili 1975. Waliowahi kutoka walipokelewa kwenye mahema ya Camp Pendleton, si mbali na hapa. Waliobaki, hasa maofisa na askari, wengi waliswekwa kwenye kambi zilizoitwa za kufunzwa upya, wengine miaka zaidi ya kumi, bila kesi. Wengine wakapanda mashua, na si wote waliofika. Mwezi wa nne wanauita Aprili Nyeusi. Na hoja ya Irvine ililetwa mwezi gani? Huo huo wa nne!

Kwenye mkataba wa miji hasaini mvuvi wala muuza samaki. Inasaini serikali ya mji, na kule serikali ni chama kimoja. Ujumbe ukija unakuja na bendera yake. Hapa Westminster inatambuliwa ile ya manjano yenye mistari mitatu myekundu, ya Vietnam Kusini ya zamani, tangu 2003, na 2006 gavana Schwarzenegger naye akaitambua. Chungulia kabatini kwa mzee, hutaikosa.

Jamaa wa Riverside
Babu unakuza mambo. Huku kwetu 2015 walipiga kelele hivyo hivyo, baraza likapitisha udugu na Can Tho, mji wa Vietnam. San Francisco wana udugu na Ho Chi Minh City, ndiyo Saigon ya zamani, tangu 1995. Na hao hao mwaka mpya wao ukifika wanajaza ndege kwenda kuona ndugu, hela wanatuma. Mnafiki nani hapo?

Bint Unguja, Maskati
Kaka, kumtumia shangazi hela ya dawa ni jambo moja, kupiga picha na mkubwa wa serikali ni jingine. Marehemu baba alitoka Unguja 1964 na begi moja. Kila Ijumaa lazima urojo, na kila Ramadhani sanduku la nguo kwa dada yake Malindi, ile ya Unguja. Lakini akialikwa shughuli ya Januari 12 jibu lake lilikuwa moja: "Wasalimie jamaa. Sherehe ni yenu." Mzee wa dada yetu namwelewa bila mkalimani.

MwanaKisauni
Babu, ipo. Si kabatini, iko mfukoni mwa koti lake la Jumapili, imekunjwa ndogo nikadhani ni leso. Nimeipiga pasi na kuirudisha, hakuna aliyesema neno. Jana nikampikia samaki wa nazi. Kasema kwao samaki yule hatiwi nazi, kisha akamaliza sahani.