Mamba wa Malagarasi: wauawe wote, au tuanze na maji?

Wadau wa Kigoma, naleta hoja hii tuijadili bila matusi. Kila mtu akikamatwa na mamba kando ya Mto Malagarasi, kilio ni kilekile: maliasili waje na bunduki wapige mpaka mamba waishe. Uchungu huo naujua na siubezi. Lakini hoja ya kuwamaliza naipinga.

Huyu tunayemzungumzia ni mamba wa Nile. Dume mkubwa hufika mita 4 hadi 5, na wapo wanaopita kilo 500. Hamkimbizi mtu, anamvizia. Anazama, anabakiza macho na pua, anatulia. Watu wakizoea kuteka maji mahali pamoja saa zilezile, na yeye anapazoea hapohapo. Akishabana, anavuta kwenye kina na kujizungusha. Nguvu za mtu mzima hazifungui taya zile.

Ila si kila mamba ni mla watu. Mdogo anakula wadudu na vyura, wa kati anategemea zaidi samaki, na ni wale wakubwa, tuseme kuanzia mita 3, ndio wanaoweza kumwangusha mnyama mkubwa au binadamu. Ukipiga risasi kila aliyelala mchangani unaua wengi wasiohusika, na yule mzee mjanja ameshazama. Tena maji yale hayabaki matupu. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, inayoanzia kwetu hadi Tabora na zaidi, ina zaidi ya kilomita za mraba 32,000, na tangu mwaka 2000 imo kwenye orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Ukimaliza wa hapa Ilagala, wengine watashuka na mto.

Upande wa Burundi, Mto Rusizi na kaskazini mwa ziwa letu la Tanganyika, kulikuwa na mamba mkubwa aliyeitwa Gustave. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyejaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma na akashindwa. Idadi ya watu wanaosemwa kuliwa naye haijathibitishwa na mtu, lakini hofu ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya mamba mmoja. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: mamba anayejulikana kuua atafutwe yeye, upesi, na watu wenye ujuzi. Wengine waachwe, na sisi tuondolewe mtoni kwa kuletewa maji.

Karibuni.

Mvuvi, Ilagala: Mleta mada, umewasemea wachota maji. Sisi tunaotega nyavu kwenye matete tunaingia mpaka kiunoni. Bomba la kijijini litanisaidia nini mimi? Na hao wenye ujuzi wanafika mamba ameshahama. Bora kupunguza wote.

Mleta mada: Kaka, hapo umenigusa, na bomba kweli halikusaidii. Lakini angalia njia ya taarifa ilivyo. Inatoka kwa mwenyekiti, inaenda kwa mtendaji, inafika wilayani kwa afisa wanyamapori, ndipo waombwe askari. Siku zinapita. Mimi nataka askari wa wanyamapori wakae karibu na mdomo wa mto, na boti yao, na mtego wao. Hilo linakulinda kuliko kuua mamba wadogo wanaotafuta samaki tu, kama unavyowatafuta wewe.

Mchangiaji, Kasulu: Mnazunguka tu. Mamba anayepita watu kumi akamchukua mmoja huyo ni wa kutumwa. Wenyeji wanajua nani anawafuga.

Mleta mada: Ndugu yangu, hili sitalinyamazia. Anamchukua aliyeinama, aliye pembeni, aliye mtoto, kwa sababu ndiye rahisi kumpata. Maneno ya "fulani anafuga mamba" yanaishia mlangoni kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na nchi hii imezika vikongwe wengi mno kwa tuhuma za namna hiyo. Mwenye ushahidi wa mamba aseme ni wapi, saa ngapi, ukubwa gani. Jina la jirani yake aliache.

Mkazi, Kigoma mjini: Mbona hamzungumzii pesa? Ngozi ya mamba ni mali. Wavunwe, vijiji vipate mapato.

Mleta mada: Uvunaji haujakatazwa. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Tanzania ina kiwango cha kusafirisha nje mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, nyara za uwindaji zikiwemo. Sipingi. Ninachotaka ni kijiji kinachozika watu kiwe cha kwanza kufikiriwa kwenye uvunaji huo, na fedha yake ionekane kijijini.

Mama wa watoto wanne, wilaya ya Uvinza: Kwetu kisima kipo. Pampu iliharibika, tukaambiwa tusubiri, tukarudi mtoni na ndoo zetu. Mnajadili mamba, sisi tunajadili spea. Na kile kifuta machozi cha serikali kwa walioumizwa au kuuawa na wanyamapori, kanuni za 2011 ziliandika shilingi milioni 1 kwa aliyekufa. Milioni moja kwa mtu!

Mleta mada: Dada, umesema lile nililotaka lisikike. Kisima kilichokufa ni sehemu ya habari ya mamba, na anayekitunza anapaswa kuulizwa kila mtu anapoliwa. Huko Ziwa Victoria, upande wa Sengerema, TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, imejenga vizimba: nguzo na wavu wa chuma ndani ya maji, mtu anachota akiwa amezungukwa. Si kazi ya mabilioni, mafundi wa kuchomelea tunao hapahapa. Naomba kila anayeishi kando ya mto aandike hapa chini jina la kijiji chake, sehemu wanapochotea maji, na kama kuna pampu, inafanya kazi au imekufa. Orodha hiyo nitaipeleka kwa diwani wetu kabla baraza halijakaa kwenye bajeti.

Mvuvi, Ilagala: Andika Ilagala. Na boti ya askari uiweke kwenye orodha hiyohiyo.