NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mlikuwa wapi Owino Uhuru??? Na mbona mlienda kortini kupigana na wagonjwa?

Jamani leo nina hasira hata sijui nianzie wapi. Wasimamizi msiufute huu uzi tafadhali, sijamtukana mtu, bado.

Shangazi yangu anauza samaki Kongowea. Tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 yeye samaki anafunga kwa gazeti, ukimwambia gazeti linaloa anakujibu "mwanangu, hiyo milioni 2 mimi nitaitoa wapi". Na ni kweli, faini ni milioni 2 mpaka 4 ama jela mpaka miaka 4. Sipingi, mitaro ilikuwa imeziba na baharini ndio usiseme, marufuku ilifaa. Kinachonichoma ni kwamba muuza samaki anaiogopa sheria ya mazingira kuliko mwenye kiwanda.

Maana Owino Uhuru si mbali, ni kijiji hapo Mikindani, hapa Mombasa, wengine mnapita na matatu kila siku. Mwaka 2007 kikaanza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari ili watoe madini ya risasi, ukuta wake na nyumba za watu ni kama mkono na kidole. Kijiji kilikuwepo kabla, asije mtu hapa kuniambia ati walijenga karibu na kiwanda. Moshi unaingia ndani watu wamelala, maji ya tindikali yanateremka uchochoroni wanakocheza watoto, mabati yanaliwa mpaka yanatoboka, wanawake mimba zinatoka na hakuna anayewaambia kwa nini. Kikaja kufungwa 2014. Miaka 7!!

Sasa sheria yetu ya mazingira ni ya 1999, NEMA wenyewe wako kazini tangu 2002, na inasema wazi kiwanda cha namna hiyo kabla hakijawasha tanuri kifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wa kuipitisha ama kuikataa ni NEMA. Si kanjo, si chifu. Wataalamu walikuja kuitwa kiwanda kishachemka. Phyllis Omido aliajiriwa pale 2009 na hiyo ripoti ikapita mikononi mwake, wataalamu wakasema mahali hapa hapafai, kiwanda kihamishwe, yeye ndiye akahamishwa kazi hiyo akapewa nyingine lol. Kisha mwanawe anayenyonya akaanza kuugua, malaria si malaria, taifodi si taifodi, kuja kupima damu ni risasi. Mama akaacha kazi akaanza kupiga kelele, 2012 akakamatwa kwa kuandamana, akashtakiwa, kesi ikaanguka. Yaani anayelalamika sumu ndiye anayelala seli.

Na hii risasi jamani. Ile ya bunduki angalau majirani wanasikia mlio wanatoka nje. Hii inaingia kwa mtoto kimyakimya na vumbi na maziwa ya mama, inamla akili, inamla figo, na yeye umri wa kusema naumwa hapa hajafika.

Haya, watu wakaenda kortini 2016. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikawapa wakazi kama 3,000 fidia ya bilioni 1.3, ikasema udongo usafishwe ndani ya miezi 4 la sivyo zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Waliobebeshwa mzigo si wenye kiwanda peke yao, NEMA nao wamo kwa kulala kazini. Mimi nikasema alhamdulillah, sasa hawa watainamisha kichwa, watalipa, wataleta malori.

Wapi! Wakakata rufaa. NEMA. Wale wale waliowekwa kulinda hao watu. 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta ile fidia ikasema mkahesabu upya, kina mama wa Owino Uhuru wakabeba makaratasi tena mpaka Mahakama ya Juu, Desemba 2024 ndio ile bilioni 1.3 ikarudishwa. Miaka 4 imeliwa na rufaa, na mawakili wa NEMA hawali hewa, wanalipwa kwa kodi, ikiwemo ya shangazi yangu na gazeti lake. Mlinzi umelala mwizi kaingia, kumekucha badala ya kuomba radhi unamshtaki mwenye nyumba kwamba hasara anayodai ni kubwa mno!

Najua kuna mtu atakuja hapa aseme "NEMA hawana maofisa wa kutosha, hawana magari". Sawa basi, gari la kwenda Mikindani halikuwepo miaka 7, la kwenda kortini lilipatikana vipi? Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, sijaona palipoandikwa isipokuwa anayekaa nyumba ya mabati.

Mlio Jomvu na Mikindani hebu semeni, kuna yeyote ameona lori limekuja kuzoa ule udongo? Kuna aliyeshika hata shilingi? Msinitumie inboksi, andikeni hapa hapa, mwenye picha aweke.