Kilio kama cha mtoto usiku katika Msitu wa Pugu: ni mnyama gani?

Mkazi wa Tabata
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu wa misitu. Mwishoni mwa juma tulipiga kambi katika Msitu wa Pugu, na ilipokaribia saa sita usiku tukasikia juu ya miti kilio kikali kama cha mtoto mchanga, kilichorudiwa mara kadhaa huku kikififia, kisha kikajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde. Baadaye kitu kilitembea juu ya majani makavu, kikakwaruza sufuria karibu kabisa na hema, kikaondoka. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba ni uchawi. Je, huyo ni mnyama gani, na ana hatari?

Mzee wa Kisarawe
Huyo ni komba, mwanangu, wala msimtafutie mganga. Komba mkubwa wa pwani kwa kawaida hafikishi hata kilo moja na nusu, lakini sauti yake huvuka bonde zima, maana huitumia kuwajulisha wenzake mahali alipo, na ndiyo sababu mlisikia akijibiwa. Wagema wanamfahamu sana, kwa kuwa hupanda minazi usiku na kuwanywea tembo lao. Pugu yumo pia komba mdogo kabisa, wa gramu 60 hivi, anayeishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Huyo sauti yake ni ndogo, hawezi kuwa ndiye aliyewaamsha.

Mpanda Milima
Nakubaliana na Mzee, na kilichonithibitishia ni hilo neno lako kwamba kilio kilikuwa kikififia. Perere, yaani pimbi wa mitini, ambaye wapiga kambi wa milima ya Udzungwa wanamjua vizuri, hufanya kinyume: huanza na mkwaruzo kama wa bawaba iliyokosa mafuta, akapandisha hatua kwa hatua hadi ukelele. Umbali nao hudanganya, kwani usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake na sauti hupindishwa kuelekea chini, hivyo mnyama aliye mbali husikika kana kwamba yuko juu ya hema.

Aliyekwaruza sufuria ni mwingine. Namshuku panya-buku, wa jamii ileile inayofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Hana haja na ninyi. Je, sufuria ilikuwa imeoshwa?

Mkazi wa Tabata
Ahsanteni sana, Mzee wangu na ndugu yangu. Sufuria ilikuwa na ukoko wa wali.