Rangi ya maganda ya kitunguu inatoka kwa pamba, nakosea wapi?

RangiZaKondele
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, natia vitambaa rangi za asili, vitambaa vya meza, mifuko na dera chache. Maganda ya vitunguu napata bure soko la Kibuye, wale mama wananiwekea kwa gunia ndio wasisumbuke kufagia. Nachemsha saa nzima, natumbukiza marikani, nalaza usiku, asubuhi inatoka rangi ya chungwa tamu sana. Shida ni kufua. Juzi kastama amenirudishia dera imebaki kama imemwagikiwa uji, aki nilitaka kulia. Nilisoma mahali ati niloweke kwa siki na chumvi ndio rangi ishike, nimemaliza machupa ya siki na bado inatoka tu. Sasa kitu ya kushangaza, kuna bechi moja nilipikia kwa karai kuukuu ya chuma kwa sababu sufuria ilikuwa na githeri, ikatoka kijani ya matope, mbaya kabisa, lakini hiyo nimefua mara sita na haijabadilika sana. Inaendaje hii?

FundiKibuye
Dada nunua tu rangi ya pakiti uokoe siki yako. Sokoni hakuna mtu huuliza kama rangi ni ya kitunguu ama ya nini.

RangiZaKondele
Kastama wangu ni wageni wa hoteli kaka, hao wanauliza.

UziEldoret
Hiyo kijani ya matope ndio majibu yako na umeitupa kando. Karai ilitoa chuma ndani ya maji, chuma ikashikana na rangi ya kitunguu, ndio ikageuka na ndio haitoki. Siki na chumvi hazifanyi hiyo kazi kwa pamba. Siki inasaidia zile rangi za asidi za sufu na hariri, na chumvi ni ya kusukuma rangi za kiwandani ziingie kwa uzi, halafu hata huko magadi ndio inazifunga, si chumvi. Resipi nyingi za intaneti ni za sufu, na sufu ni kama nywele, inakubali shabu (alum, ya kushikisha rangi) moja kwa moja. Pamba hapana, ina kiburi.

Kwa pamba anza na tanini, ile kitu kali ya kwenye magome na maganda. Chemsha magome ya wati, ile miti tunachoma makaa huku kwetu, ama maganda ya komamanga ukitaka rangi isigeuke nyekundu-nyekundu. Loweka kitambaa usiku mmoja. Tanini inashika pamba yenyewe. Halafu shabu, gramu 150 hivi kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu, maji ya moto, nayo inashika ile tanini. Kitunguu kinakuja mwisho kinashika shabu. Ukiruka hatua moja hapo katikati mnyororo umekatika. Ukitaka ile kijani makusudi, weka misumari ya kutu kwa siki wiki mbili (hapo siki yako itapata kazi) na utumie kidogo sana, chuma ikizidi inakula pamba, baada ya muda kitambaa kinaanza kupasuka chenyewe.

MzeeMtande
Binti, kabla ya hayo yote, marikani yako uliifua aje? Mimi nilikuwa KICOMI, kile kiwanda cha nguo hapo Kisumu, kabla ifungwe. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinapakwa wanga ndio zisikatike kwa mashine ya kufuma, na pamba yenyewe ina nta yake ya kuzaliwa, kwa hivyo kitambaa kikitoka kwa mashine hakiendi kwa rangi bila kuchemshwa kwanza. Wewe chemsha na magadi na sabuni saa mbili, utaona maji yanatoka kahawia kama chai. Jaribu tone moja la maji juu ya kitambaa kikavu, likikaa kama lulu bado hakijaiva.

RangiZaKondele
Mzee mimi nilikuwa nasuuza tu na maji baridi 🙈

UziEldoret
Hapo sasa. Sikiza Mzee. Na nunua daftari, kata vipande vidogo, badilisha kitu moja tu kila mara na uandike. Huo ndio utafiti, si lazima ukae labu. Sisi tuliosoma mambo ya nguo Chuo Kikuu cha Moi tulienda mazoezi Rivatex, kiwanda cha nguo hapa Eldoret, chuo kiliinunua 2007 ndio iwe ya utafiti na mafunzo, na kazi kubwa ilikuwa hiyo hiyo, kufua vipande na kulinganisha na kadi ya kijivu, ile ya kupima rangi imebadilika kiasi gani, alama 1 imeharibika, 5 haijabadilika. Wewe linganisha na kipande ambacho hujafua. Jua pia upime, funika nusu na katoni uache dirishani wiki mbili, kitunguu hata kikishikwa vizuri hakipendi jua, waambie wageni wako waanike kivulini.

FundiKibuye
Haya mimi nimenyamaza. Lakini hiyo kijani ya matope nioneshe picha, kuna mtu ananitafutia kitambaa cha makoti.

RangiZaKondele
Nitaweka kesho kukiwa na mwanga. Shabu nimepata duka la dawa za kienyeji, leo usiku nachemsha marikani. Shemeji ameniambia karai ni yangu, yeye alikuwa anataka kuiuza kwa watu wa vyuma.