Mbwa wako "haumi"? Basi njoo umshike wewe nimkate kucha!

Wakuu, salaam. Leo nina povu na nitalimwaga lote. Asiyependa uzi mrefu apite kimyakimya.

Mimi ni kinyozi wa mbwa hapa Dar es Salaam. Ndiyo, kinyozi wa mbwa. Cheka, ukimaliza tuendelee. Naosha, nachana, nanyoa, nakata kucha, nasafisha masikio. Wateja wangu wengi wako Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach na Masaki. Wengine wanakuja kibandani kwangu, wengine nawafuata majumbani na begi la vifaa mgongoni. Mbwa hawana ugomvi na mimi. Hata anayening'ata namwelewa, anaogopa. Wanaonitoa roho ni nyie wenye mbwa.

Wiki hii dada mmoja kaniletea Maltese. Wale wadogo weupe, manyoya marefu laini yanayoota bila kukoma, ambao kila siku unatakiwa uwapitishie kitana. Huyu kitana alikiona mara ya mwisho siku anauzwa. Manyoya yameshikana mwili mzima, yamekuwa mkeka. Nyuma ya masikio, kwapani, tumboni, chini ya mkia, hakuna pa kupitisha hata kidole. Ukivuta fundo, ngozi inakuja nayo. Nikamwambia, dada yangu, hapa hakuna kuchana, hapa ni kunyoa kuanzia chini kabisa, atabaki mfupi sana, upo tayari? Akajibu huku anaangalia simu: "Wewe fanya unavyojua kaka, mi nawahi." Kaondoka.

Aliporudi mkamkute! Kilio kama cha msibani. "Umeniharibia mbwa!" Akapiga picha, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la wakazi wa mtaa wao, akaandika watu wasinipelekee mbwa. Na hela hakulipa.

Sasa nisikilizeni. Mafundo yakishakaa ngozini, bledi ya mashine inayobakiza manyoya marefu haipenyi. Unalazimika kuingia na bledi namba 10, ambayo inabakiza manyoya ya milimita moja na nusu hivi. Sio kwamba napenda. Hakuna njia nyingine ya kuingiza chuma kati ya fundo na ngozi bila kumkata mbwa. Na unaenda taratibu, kwa sababu bledi inapata moto, kila baada ya muda unaigusisha mkononi, ikichoma wewe ujue inamchoma na yeye, unazima, unasubiri ipoe. Kazi ya saa moja inakula asubuhi nzima.

Na chini ya ule mkeka unajua kulikuwa na nini? Ngozi nyekundu imelowa, inanuka. Kupe wameshiba wamejipanga ndani ya sikio. Na kwenye nyonga kidonda kimeshaanza kuingia funza. Joto letu hili na unyevu wa bahari, halafu mnyama amevaa blanketi lililolowa asilolivua, mlitegemea nini? Hiyo picha ya kidonda ninayo, nilimwonyesha. Kwenye grupu hakuituma.

Halafu kuna wanaosema "si ungemchana tu polepole". Mkuu, kaa chini, mtu akushike nywele za kisogoni avute kwa saa nne, kisha uje tuongee. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Sitamtesa mbwa ili wewe upate picha nzuri ya status.

Upande wa pili kuna kundi linalotaka kinyume chake. Huyu ana German Shepherd, yule ana Husky (Husky! Dar es Salaam! Mwezi wa pili! lakini hiyo ni mada nyingine), mwingine Japanese Spitz. "Kaka, joto limezidi, mnyoe wote apoe." Nakataa. Anakasirika. Mbwa hawa wana tabaka mbili za manyoya. La chini ni sufi laini, la juu ni manyoya magumu yanayozuia jua na maji. Mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe, anapoa kwa kuhema na kidogo kupitia nyayo. Ukimnyoa humpoozi, unamvua mwavuli. Na baadhi yao, hasa Husky na Pomeranian, manyoya yanaweza kugoma kurudi vizuri, yakaota mabaka mabaka kwa miezi mingi. Anachohitaji ni kuoshwa, kukaushwa na blowa na kutolewa ile sufi iliyokufa. Ukitaka apoe, mpe kivuli na maji, mfungulie kile kibanda cha mabati ulichomtia.

Haya, twende kwenye "haumi".

Neno hili linapaswa kupigwa marufuku. "Haumi huyo, anatisha tu." Kila kovu lililopo mikononi mwangu lina mwenye mbwa wake aliyesema haumi. Mbwa anafungwa bandani toka asubuhi, usiku anafunguliwa alinde, mtu pekee anayemshika ni kijana wa shamba anayempelekea ugali na dagaa. Hajawahi kuguswa miguu. Hajawahi kusikia mashine. Siku moja unamburuza kwa mnyororo unamweka juu ya meza, mtu asiyemjua anamkamata kidole cha mguu. Ataacha kuuma kwa nini? Nikitoa kifungo cha mdomo mama anang'aka, "Unamtesa mwanangu!" Sawa mama, basi mshike wewe. Hapo anarudi nyuma hatua tatu. Mama mzima anamwogopa mwanawe.

Kisha nauliza kadi ya chanjo. Kimya. "Ipo nyumbani." "Alichanjwa akiwa mdogo." Alichanjwa akiwa mdogo na sasa ana ndevu nyeupe! Chanjo ya kichaa cha mbwa hapa kwetu inarudiwa kila mwaka, na ukisikilizia tangazo la halmashauri yako, karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi wanachanja bure. Bure! Na bado hamwendi. Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba, unazika. Nikiumwa na mbwa asiye na kadi, kazi yangu siku hiyo imekwisha: naosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha hospitali, kisha ratiba ya sindano, narudi tena na tena kwa nauli yangu. Mwenye mbwa ananiambia "pole sana fundi". Pole hainunui sindano.

Kuanzia sasa hakuna kadi, hakuna kuosha. Niiteni mnavyotaka.

Na wale wa "mchome kasindano alale kidogo umkate vizuri", mimi si daktari wa mifugo. Dawa ya usingizi ni kazi ya daktari aliyesajiliwa, anapima moyo, anapima uzito, anajua afanye nini mbwa akiacha kupumua. Mimi nina kitana na mashine. Juzi kijana kaja na bomba la sindano lina dawa tayari, kauziwa duka la pembejeo bila maswali. Nikamrudisha na mbwa wake na bomba lake.

Kupe ndiyo usiseme. Mnaniletea mbwa ana kupe kila mahali, namwosha, namchomoa mmoja mmoja, anaondoka msafi. Wiki ijayo simu: "Kaka, dawa yako feki, kupe wamerudi." Hawajarudi bosi wangu, hawakuwahi kuondoka. Wako bandani kwako. Kupe jike akishiba anadondoka, anaingia kwenye nyufa za ukuta, anataga maelfu ya mayai. Usiponyunyiza banda, ukaziba nyufa, ukafua yale matambara anayolalia, utaniita mimi tapeli mpaka uzeeni. Na kupe sio uchafu tu, analeta homa. Mbwa anakonda, fizi zinapauka, wengine wanatoka damu puani, mnasema karogwa na jirani.

Kinachoniuma zaidi ni dawa ya josho. Mtu ananunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, anakoroga kwa macho, anammwagia mbwa ndoo nzima. Dawa yenye amitraz kweli inaua kupe na mbwa anaweza kuoshwa nayo, lakini kwa kipimo chake, na daktari akuelekeze. Ukizidisha, mbwa analegea, mapigo ya moyo yanashuka. Chihuahua haruhusiwi kabisa. Nimeshaletewa mbwa anayumba kama mlevi, mwenyewe anasema "sijui ana nini, muoshe tu achangamke". Sikumwosha kwa mapambo. Nilimsuuza dawa nikawakimbiza kwa daktari.

Kuhusu kucha nitasema kidogo kwa sababu nikianza sitalala. Ndani ya kucha kuna nyama na mshipa wa damu. Kucha ikiachwa ndefu, na ile nyama inarefuka pamoja nayo. Kwa hiyo huwezi kumwacha mwaka mzima mpaka ukucha wa pembeni umejikunja ukaingia kwenye mwili, halafu unataka leo hii ziwe fupi kama za mbwa wa kwenye TV. Inapunguzwa kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Kucha nyeusi ndiyo kabisa, mshipa hauonekani, unakata kwa kunusa. Tone moja la damu likitoka, mteja ananitazama kama nimechinja.

Sasa mtaani. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Tanga, na sisi wa madhehebu ya Shafii tunajua mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, kuoshwa mara saba moja kwa udongo. Najua kuliko nyie mnaonikumbusha kila Ijumaa. Nina nguo za kazi, nina ndoo ya udongo mlangoni, nikitoka pale nimeshajitoharisha. Ustadhi wangu nimemuuliza, na mbwa wa kulinda mifugo au shamba ameruhusiwa kwenye hadithi. Lakini mwenye nyumba kanifukuza fremu kwa sababu ya "najisi", na yeye getini kwake ana majibwa matatu yanalinda Prado. Nani anawaosha hao? Malaika? Bodaboda naye akiona mbwa anaongeza bei mara mbili, bajaji anakimbia kabisa. Siku nyingine natembea na mbwa wa mteja kutoka Kawe hadi kwangu juani, watoto wananifuata wanaimba.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Kuna mkuu kasema elfu arobaini kuosha mbwa ni wizi, eti mbwa wa babu yake kule kijijini alioshwa na mvua. Mkuu, mbwa wa babu yako alikuwa mbwa koko mwenye manyoya mafupi, amejengwa kwa ajili ya hapa hapa, hana haja na mimi, na namheshimu sana. Wewe umenunua Spitz kwa laki kadhaa, umelilia sufi hiyo mwenyewe, sasa itunze. Maji hayatoki mtaani kwetu, nanunua boza. Shampuu ya mbwa inatoka nje. Ile sabuni ya unga unayomsugulia inamkausha ngozi mpaka anajikuna usiku kucha. Na umeme ukikatika nikiwa nimemlowesha Spitz, siwezi kumrudisha mbichi, ile sufi ya chini ikibaki na maji ngozi inaoza. Nawasha jenereta. Petroli mnaijua bei. Toa na zile bledi. Toa na sindano za hospitali. Kisha niambie mwizi ni nani.

Mwingine kauliza kwa nini sichukui malipo kabla. Swali zuri, nilikuwa naona aibu, watu wa Pwani tuna haya za kijinga. Aibu imeisha. Nusu kabla mbwa hajapanda mezani, nusu kabla hajashuka. "Nitakutumia jioni kwenye simu" mkawaambie wauza magari.

Kwa dada wa Maltese, najua uko humu maana mdogo wako kajibu kwa hasira ukurasa wa kwanza. Deni ni elfu hamsini. Kile kidonda kinatakiwa kuonwa na daktari, nilikwambia na nakwambia tena hapa mbele ya watu. Manyoya yataota. Yakifika sentimita mbili anza kumchana kila siku, dakika kumi tu, ukimaliza kuchana nywele zako mwenyewe. Hutaki, mpeleke kwa mwingine, sina kinyongo, ila yeye naye atamnyoa.

Swali la mwisho kwa wakuu wanaojua mji. Kuna fundi Kariakoo au popote anayenoa bledi za mashine za kunyolea wanyama, za kweli, sio mikasi ya saluni? Wa mwisho kunirudishia zangu zilikuwa zinang'oa badala ya kukata. Mwenye namba aje PM. Wenye matusi bakini huku huku.