Jamu ya matunda bila sukari kwa mama mwenye kisukari: ya kwanza imechacha, nisaidieni

BintiMuheza

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Tabata Kimanga, naishi na mama yangu aliyekuja kutoka Muheza kwa ajili ya kliniki. Ana miaka 67, na mwaka jana aligundulika ana kisukari. Tangu nipate akili namjua mama kuwa mtu wa chai ya asubuhi na mkate wa kupaka. Sasa hivi watoto wakipaka jamu yao, yeye anasogeza kikombe pembeni na kipande chake cha mkate mkavu, anasema, "Nyie kuleni tu, mimi nimeshazoea." Hajazoea. Namwona anavyokiangalia kile kichupa.

Jumamosi iliyopita nikajaribu mwenyewe. Nilichukua maembe dodo manne, yameiva hasa, nikayasaga kwenye blenda na kuyachemsha kama dakika kumi. Sikuweka sukari wala kitu kingine chochote. Nikamimina kwenye chupa ya jamu iliyokwisha, nikaiweka mezani kama tunavyoweka ya dukani. Siku ya kwanza utamu upo, lakini nyepesi kama uji wa mtoto, inachuruzika kwenye mkate. Siku ya nne nafungua kifuniko, kikatoa sauti "psss", ndani povu na harufu ya pombe, pembeni kumeota ukungu wa kijivu. Mama akasema tuutoe ukungu tu, chini ni nzima. Nikakataa, nikamwaga yote huku roho inaniuma.

Nifanyeje iwe nzito bila sukari? Itakaa siku ngapi? Na asali je? Jirani yangu ananihakikishia haina shida kwa mgonjwa wa sukari. Natoka kazini saa kumi na mbili, na foleni ya Mandela mnaijua, kwa hiyo natafuta kitu cha kupika ndani ya saa moja.

Mzee wa Ilala

Pole binti. Jirani yako yuko sahihi, weka asali mbichi ya Tabora vijiko vitatu vya chakula, ni kitu cha asili. Marehemu shangazi yangu alitumia miaka yote.

MamaUsindikaji

Shikamoo mzee wangu, lakini hapo kwenye asali naomba nikupinge. Asali sehemu kubwa ni sukari, na inapandisha sukari ya damu hata ikitoka mzingani leo. Tende vilevile. Anayepikia mgonjwa asidanganywe na neno "asili".

Dada BintiMuheza, ulifanya vizuri kumwaga. Ukungu unaouona juu una mizizi chini, hasa kwenye kitu laini kama hicho. Mimi nilisomea usindikaji wa matunda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na napika jamu kwa kuuza, ngoja nikueleze kwa nini ilikuharibikia.

Kwenye jamu ya kawaida sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Zaidi ya nusu ya kichupa ni sukari, na ndiyo inayoyashika maji ili vijidudu visipate pa kuishi. Ndiyo hiyohiyo inayosaidia pektini, ile asili ya tunda inayofanya jamu iwe nzito, igande. Ukiitoa, umetoa mlinzi na gundi kwa pamoja. Tena ukachagua embe dodo lililoiva sana, ambalo halina ukali wa kutosha, ukaliacha mezani kwenye joto hili la Dar. Lisingefika popote.

Achana na embe kwanza, nenda Buguruni kanunue mapera. Chukua kilo moja, mengi yaliyoiva na mawili matatu ambayo bado magumu, kwa sababu tunda lisiloiva sana lina pektini zaidi. Osha, kata vipande vinne vinne, usimenye. Weka kwenye sufuria na maji kikombe kimoja na nusu, funika, acha dakika ishirini mpaka mwiko ukiyagusa yanafumuka. Yapitishe kwenye chujio la waya kwa mgongo wa kijiko. Hapo ndipo pa kazi, usipaharakishe: mbegu zibaki juu, na ile nyama iliyonata chini ya chujio uikwangue yote, ndiyo nzito kuliko zote.

Rudisha jikoni moto mdogo, kamulia ndimu moja, weka kijiti cha mdalasini, koroga bila kuondoka maana inarukaruka na inaunguza mkono. Dakika kumi au kumi na tano. Utajuaje imeiva? Kabla hujaanza, weka kisahani kwenye friza. Dondoshea jamu kidogo juu yake, subiri kidogo, pitisha kidole katikati. Njia ikijifunga, bado. Ikibaki wazi, zima.

Chupa na vifuniko vichemshe dakika kumi, jaza jamu ikiwa ya moto. Ikipoa, friji moja kwa moja, uimalize ndani ya siku kumi. Kila mara kijiko kisafi na kikavu, siyo kisu kilichotoka kwenye siagi. Ukipika nyingi, igandishe kwenye trei ya barafu, utoe kipande kimoja kimoja.

Siku ukilitaka embe lako, tumia lenye uchachu, kamulia ndimu, ukiepua ukoroge mbegu za chia vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe cha rojo. Zinafyonza maji na kufanya nzito baada ya nusu saa bila kupika sana. Masharti ya friji ni yaleyale.

Nesi wa Temeke

MamaUsindikaji kamaliza upande wa jiko, nami niongeze wa mgonjwa. "Bila sukari" maana yake hujaongeza wewe. Tunda lina sukari yake, na ukilipunguza maji inakuwa nzito zaidi kwa kijiko. Kijiko cha chakula cha jamu ya dukani kina takriban gramu 10 hadi 13 za sukari. Hiyo ya mapera inaweza kuwa 3 au 4. Ni nafuu kubwa, ila mama asile nusu kichupa. Na mkate wenyewe msiusahau, kipande kimoja kina wanga wa gramu 15 hivi. Kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, kijiko kimoja cha jamu, na yai pembeni. Mpimeni kabla ya kula na saa mbili baadaye, mwili wake ndio utakaowaambia. Kama anachoma insulini, msibadilishe mlo wake bila kuongea na daktari, sukari kushuka ghafla nayo ni hatari.

Halafu kliniki waliwaambia nini kuhusu figo? Naona watu wanapika jamu ya mbirimbi kwa sababu ni kali na haina utamu. Mbirimbi ina oksalati nyingi, kemikali inayoweza kuumiza figo, kwa mtu mwenye figo dhaifu ni ya kuepuka kabisa. Hata mapera yana potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, kwa hiyo mwenye shida ya figo aulize kwanza.

BintiMuheza

Asanteni sana, Mungu awabariki. Figo zake walipima, wakasema ziko salama. Anatumia vidonge, siyo insulini.

Jana nimepitia Buguruni, nimepata mapera ya rangi ya waridi ndani. Nilipoanza kuchuja mama akatoka chumbani kufuata harufu, akaninyang'anya kijiko. "Hivyo unabakiza nyama, mwanangu." Akakaa kwenye kigoda na chujio mapajani mpaka mbegu zikabaki nyeupe kabisa. Kisahani nilikijaribu mara tatu, ya tatu njia ikabaki wazi. Zimetoka chupa mbili, rangi kama ya tofali bichi.

Asubuhi ya leo sukari yake ya damu ilikuwa 7.1 (mmol/L) kabla ya chai. Kapaka kijiko kimoja, akakitandaza mpaka kwenye kona za mkate, akala na yai. Baada ya saa mbili 8.9. Nimeandika kwenye daftari lake la kliniki.

Anasema imekosa iliki. MamaUsindikaji, iliki naiweka ya unga mwishoni, au punje nzima tangu mwanzo?

MamaUsindikaji

Punje tatu, zipondeponde na maganda yake, ziingie pamoja na mdalasini, uzitoe kabla ya kujaza chupa. Ya unga inaacha rangi ya vumbi. Msalimie mama, mwambie kuhusu ile nyama kwenye chujio yuko sahihi.