Naomba ushauri: hadithi za mizimu za Waingereza, nianze na ipi?
Wakuu, habari zenu. Kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu zamu ya kuchagua ni yangu, na wenzangu wengi ni vijana waliozoea filamu za kutisha zenye damu mwanzo mwisho. Nataka niwapeleke kwa Waingereza wa zamani.

Mimi namkubali sana M. R. James, msomi wa Cambridge aliyekuwa akiwasomea rafiki zake hadithi hizi wakati wa Krismasi, mishumaa imezimwa, umebaki mmoja tu. Kitabu chake cha kwanza cha mizimu kilitoka 1904. Humo yumo profesa anayeokota filimbi kwenye magofu karibu na ufukwe, anaipuliza, halafu usiku chumbani kwake shuka za kitanda cha pili, kisicholaliwa na mtu, zinainuka zenyewe. Shuka tu, jamani! Damu hakuna hata tone.

Tatizo, James anachelewa kukolea. Utapitishwa kwanza kwenye makanisa na hati kuukuu, na nahofia watu watasinzia. Dickens na "The Signal-Man" (1866) ni fupi: mfanyakazi wa reli anaona kivuli cha mtu mdomoni mwa handaki, kisha maafa yanafuata. "The Turn of the Screw" (1898) ya Henry James, Mmarekani aliyeishi Uingereza, naiogopa kwa urefu wake, ingawa ubishi wake mtamu: mizimu ipo, au ni akili ya mlezi wa watoto anayeisimulia?

Nianze na Dickens, au nisimamie filimbi? Na niwasomee kwa sauti usiku, au kila mtu asome kwake? Waliowahi kujaribu naomba mnijuze.